Kamera ya kiwandani inaota nukta nyeupe kila ikifika mchana. Ni sensa mbovu au kuna jingine? Wajuzi mje

#1 Fundi Blista (Jumanne, saa 4:12 usiku)

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni msomaji wa kimya humu miaka mingi, leo yamenifika shingoni imebidi niandike.

Niko matengenezo kwenye kiwanda cha kufungasha dawa hapa Dar. Jina la kiwanda naomba niliache, kibarua kisije kikaota nyasi. Tuna mashine ya kufunga vidonge kwenye zile pakiti za plastiki na foili. Plastiki inapigwa vishimo, vidonge vinadondoka kila kimoja kwenye kishimo chake, halafu kabla foili haijabandikwa, mashine inasimama kidogo na kamera inapiga picha. Chini ya plastiki kuna bamba jeusi. Kamera inatafuta vitu viwili: kishimo kisicho na kidonge, na punje ya unga au kipande cha kidonge kilichoangukia nje ya kishimo, maana hapo foili haitashika. Ikiona doa jeupe juu ya weusi, pakiti inatupwa.

Sasa picha linaanza. Wiki ya tatu hii, asubuhi mashine inakwenda vizuri, ikigonga saa 8 mchana inaanza kutupa pakiti ambazo ukizishika mkononi hazina hata chembe. Jana nimechukua pakiti 200 zilizotupwa kati ya saa 8 na saa 10, tukazikagua kwa macho mimi na opareta. Zenye kasoro ya kweli zilikuwa 6.

Nikahifadhi picha moja, nikaivuta mpaka pikseli zikaonekana kama vigae vya bafuni. Nukta! Nyingine nyeupe, nyingine nyekundu, nyingine bluu. Nikafungua picha ya pili, nukta zilezile mahali palepale. Ya tatu vilevile. Nikachukua karatasi nikaanza kuandika namba za mahali zilipo, nimefika 61. Leo asubuhi saa 1 na nusu nimerudia, nimekuta 4 tu. Kingine, kila nukta si pikseli moja, ni kama kijiua: katikati kali, pembeni imefifia.

Muuzaji anasema kila sensa (kile kichipu cha kamera kinachopokea mwanga) ina pikseli mbovu na hizi ziko "ndani ya kiwango", haipokei. Bosi ameshaanza kuandika barua pepe ya vitisho. Kamera ina miezi 14, waranti ni miaka 2.

Data: kamera ya rangi, sensa ya CMOS, 2448 × 2048, pikseli za mikroni 3.45. Swali langu ni rahisi: pikseli mbovu 61 ni nyingi au chache? Nani yuko sahihi hapa?

---

#2 Kiroboto (saa 4:20 usiku)

Vitu vya bei chee hivyo mkuu. Nunueni mpya mtulie.

---

#3 Fundi Blista (saa 4:26 usiku)

Mkuu Kiroboto, bei yake ningekutajia ungekaa chini.

---

#4 Nyanda wa Sota (saa 4:41 usiku)

Mimi niko Kahama, nahudumia mashine za kuchambua mchele kwa rangi, zile tunaita sota. Kabla hujailaumu sensa, umehakikisha si vumbi?

Nakwambia kwa uchungu. Sota ina kamera ya mstari, yaani sensa yake ni safu moja ya pikseli, mchele unaporomoka mbele yake na picha inajengwa mstari kwa mstari. Kwenye kamera kama hiyo ikiharibika pikseli moja hupati nukta, unapata mstari mrefu toka juu mpaka chini, na pua ya hewa ya sehemu hiyo, ile inayopuliza punje mbovu nje, inapuliza mfululizo kama mtu mwenye mafua. Nilikuwa na mteja mmoja msimu wa mavuno, pua moja inatupa mchele mweupe kwenye ndoo ya uchafu, kilo kwa kilo. Nikatangaza pikseli imekufa, tuagize kamera. Mtoto wa mwenye mashine akachukua kitambaa akafuta kioo cha ndani, ule upande ambao huwa hatuufuti, mstari ukapotea. Nilikunywa chai yangu nikaondoka bila kudai nauli.

Kwa hiyo fanya hivi. Funika lenzi kwa kifuniko chake. Nukta zikibaki, si vumbi, maana vumbi ni kivuli na gizani hakuna kivuli. Ukiwa na mwanga, zungusha lenzi kidogo: doa likizunguka nayo liko kwenye lenzi. Likibaki palepale, bana tundu la lenzi. Vumbi lililo juu ya kioo cha sensa litazidi kukolea.

---

#5 Fundi Blista (saa 4:50 usiku)

Nyanda asante. Nukta zangu ni nyeupe, si nyeusi, na nilishafunika lenzi leo mchana. Zilibaki. Tena zilionekana vizuri zaidi.

---

#6 Mzee Gamma (saa 5:15 usiku)

Fundi, jibu la swali lako ni kwamba hakuna anayeweza kulijibu, si sisi wala muuzaji, mpaka utupe namba tatu: eksposha (muda wa kupokea mwanga) ni milisekunde ngapi, geini (ukuzaji wa ishara) ni desibeli ngapi, na kamera yenyewe inasema ina joto gani. Kamera nyingi za GenICam (ule mfumo wa pamoja wa kuendesha kamera za viwandani) zina sehemu inayosoma joto la ndani, itafute kwenye orodha ya vigezo.

Ngoja nikueleze kwa nini nauliza. Umewahi kufunga nyumba, umezima kila kitu mpaka friji, umekwenda msibani siku tatu, ukirudi unakuta LUKU imekula yuniti? Kuna sehemu umeme unavuja. Pikseli nayo ni mita. Mwanga ukigonga silikoni unang'oa elektroni, pikseli inazikusanya kwa muda wote wa eksposha, mwishoni inasomwa. Kasheshe ni kwamba joto nalo linang'oa elektroni bila mwanga wowote. Huo ndio mkondo wa giza, kila pikseli inao, kwa kawaida mdogo hauonekani. Ila pikseli ambayo fuwele yake ya silikoni ina jeraha, au ina chembe ya metali iliyoingia wakati wa kutengenezwa, inavuja mara mamia kuliko jirani zake. Ndiyo inaitwa pikseli moto.

Itofautishe na ndugu zake wawili. Pikseli mfu haipokei mwanga, ni nyeusi saa zote. Pikseli iliyoganda ni nyeupe saa zote, uipe milisekunde moja au mia. Hao wawili hawajali joto wala muda. Zako zinajali, ndiyo maana asubuhi 4 na mchana 61. Tena mchana hazikuzaliwa mpya: zote 61 zilikuwepo asubuhi, zilikuwa hazijapaza sauti.

Mkondo wa giza unaongezeka maradufu kila joto linapopanda nyuzi 6 mpaka 8 hivi. Na unaongezeka sawasawa na muda: eksposha mara kumi, uvujaji mara kumi.

Halafu hicho kijiua. Kamera yako ni ya rangi, kwa hiyo juu ya sensa kuna vichujio vya Bayer, ule mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak alipewa hati miliki mwaka 1976. Nusu ya pikseli zinaona kijani, robo nyekundu, robo bluu, na rangi zinazokosekana programu inazikokotoa kutoka kwa majirani. Pikseli moja ya nyekundu ikiwaka kwa uongo, majirani wote wanane wanaambukizwa wekundu. Nikuulize: programu yenu imeambiwa ipuuze doa lenye pikseli chini ya ngapi?

---

#7 Fundi Blista (saa 5:31 usiku)

Chini ya 5.

---

#8 Mzee Gamma (saa 5:33 usiku)

Basi ndiyo hapo. Nukta moja imezaa 9, imeruka ukuta wa 5, imekuwa "punje ya kidonge". Kesho lete namba.

---

#9 Mbeba Box (Jumatano, saa 1:05 asubuhi)

Nimeamka huku Ujerumani naenda kazini, nimeukuta uzi mtamu. Mimi niko maabara inayopima kamera kabla hazijafungwa kwenye mashine.

Fundi, 61 kwenye sensa ya pikseli 5,013,504 ni kama 12 kwa kila milioni. Ukiisikia hivyo utasema ni chache mno. Lakini neno "ndani ya kiwango" la huyo muuzaji lisikutishe, muulize: kiwango gani, kilipimwa kwa joto gani, kwa eksposha gani, na nukta ilianza kuitwa mbovu ikizidi wenzake kwa kiasi gani? Bila hayo manne, hiyo idadi haina maana yoyote.

Ipo kanuni ya upimaji inaitwa EMVA 1288, ya chama cha Ulaya cha wenye kamera za viwandani. Toleo la kwanza ni la 2005, la 4.0 likaja 2021. Inaeleza jinsi ya kupima kelele ya gizani, ujazo wa pikseli, ni fotoni ngapi kati ya mia zinageuka elektroni, pikseli zinatofautiana kiasi gani gizani na kiasi gani kwenye mwanga. Watu wengi wanadhani inapanga pia pikseli mbovu ziwe ngapi. Haipangi. Inakupa histogramu (mchoro wa pikseli ngapi zina thamani gani), unaona mkia wake umeburuzika mpaka wapi, unaamua mwenyewe kulingana na kazi yako.

Zamani za CCD, aina ya sensa iliyotamba kabla ya CMOS, ilikuwa wazi zaidi. Kodak alikuwa anauza sensa kubwa kwa madaraja: daraja la juu halina kishada (pikseli mbovu zilizoshikana) wala safu mbovu na bei yake inauma, daraja la chini lina nukta na safu kadhaa na bei ni ya kibinadamu. Wapiga picha za nyota walikuwa wanalijua hilo kama dereva wa daladala anavyojua vituo. Siku hizi CMOS zimetawala. Sony wenyewe walitangaza 2015 kwamba wanaachana na CCD, na mtu ananunua kamera nzima bila kuuliza habari ya daraja.

---

#10 Wa Ruiru (saa 2:40 asubuhi)

Maze hii story imenikumbusha yetu. Sisi tuko na line ya maji na juisi, kamera inasoma tarehe kwenye kifuniko. Siku moja kamera ikaanza kuonyesha nukta kali moja na mstari umepita katikati yake. Asubuhi iko, jioni iko, ukifunika lenzi iko. Kumbe jamaa wa mradi walikuwa wameleta mashine ya kuandika kwa leza ya faiba, wakaifunga kando, na kuna kipande cha chuma kinang'aa kilikuwa kinarudisha mwale moja kwa moja kwa lenzi. Leza ya faiba iko karibu na nanomita 1064, inapita kwa kioo cha lenzi kama kawaida, na lenzi inaikusanya kwa nukta moja kwa sensa. Ilichoma.

Ile ya zamani ya CO2 haikuwa na hiyo shida, mwale wake wa mikromita 10.6 haupiti kioo cha kawaida. So hiyo ya kwako si kuchomwa, boss. Yetu haikuwa inangoja jua lipande.

---

#11 Fundi Blista (saa 9:55 mchana)

Wakuu nimerudi na namba. Nimeandika nikiwa nimesimama mbele ya mashine.

Eksposha: milisekunde 80. Geini: desibeli 10. Joto la kamera saa 1 asubuhi baada tu ya kuwasha: 30. Sasa hivi: 58. Chumba kina kiyoyozi, ila kamera iko ndani ya boksi la stenlesi lililozibwa ili tuweze kuosha mashine, hakuna feni humo.

Nikaenda kufukua faili la siku mashine ilipopokelewa. Mzee Gamma kaa chini. Iliandikwa milisekunde 8, geini 0, tundu la lenzi f/4 (namba ya f ikipanda, tundu linabana).

---

#12 Mzee Gamma (saa 10:20 jioni)

Nimekaa.

Tupige hesabu pamoja, chukua kalamu. Tuseme kuna pikseli inavujisha elektroni 1,000 kwa sekunde kwenye nyuzi 30. Kwa milisekunde 8 itakusanya elektroni 8. Pikseli ya ukubwa huo inajaa kwenye elektroni kama 10,500, na picha yenu ya biti 8 inaugawa ujazo huo ngazi 255, kwa hiyo ngazi moja ni elektroni 41. Elektroni 8 ni sehemu ya tano ya ngazi moja. Hata ukiitafuta kwa tochi huioni.

Sasa ipandishe nyuzi 28, mpaka 58. Nikichukua maradufu kwa kila nyuzi 7, ni mara 2, 4, 8, 16. Inavujisha 16,000 kwa sekunde. Mpe milisekunde 80: elektroni 1,280. Geini ya desibeli 10 inazidisha mara 3.16. Gawa kwa 41. Unapata ngazi 98. Pikseli ileile, sensa ileile, kutoka sehemu ya tano ya ngazi mpaka 98, juu ya bamba jeusi. Ulitaka programu ifanye nini kama si kuitupa pakiti?

Kwa hiyo sensa yako ni ya kawaida kabisa, na muuzaji yuko sahihi ingawa hajui kwa nini. Bosi aifute ile barua.

Kazi iliyobaki ni ya upelelezi. Eksposha mara 10 ukizidisha geini mara 3.16 ni karibu mara 32. Picha haijaungua, ina mwangaza uleule wa siku ya kwanza. Maana yake kuna mahali umepoteza mwanga mara 32, na watu wamekuwa wakiziba pengo kwa kupandisha namba. Nenda kaangalie taa. Halafu shika lenzi yenyewe kwa mkono uisome iko f ngapi. Usiamini faili.

---

#13 Kiroboto (saa 10:34 jioni)

Mbona mnazunguka sana? Si kuna kitu kwenye menyu kinaitwa kurekebisha pikseli mbovu? Weka tiki, nenda nyumbani.

---

#14 Mzee Gamma (saa 11:02 jioni)

Kiroboto, tiki hiyo ina aina mbili, na moja itakufukuzisha kazi.

Aina ya kwanza ni ya ramani. Kamera ina orodha ya mahali pikseli mbovu zilipo, imehifadhiwa ndani yake, na kila picha ikipigwa, thamani ya pikseli hiyo inatupwa na kuwekwa ya majirani. Kwenye kamera ya rangi majirani wenyewe ni wale wa rangi yake, wanaokaa hatua mbili pembeni, na lazima ifanyike kabla rangi hazijakokotolewa, la sivyo wale wanane wameshaambukizwa. Hii naipenda. Unajua umegusa nini.

Aina ya pili haina orodha. Inaangalia kila picha, pikseli yoyote iliyozidi majirani zake sana inafutwa hapohapo. Kwa picha za harusi ni nzuri. Kwako wewe unayetafuta punje ndogo, umeajiri mlinzi anayefuta alama za mwizi kabla polisi hawajafika. Punje ya kweli ikiwa na ukubwa wa pikseli moja tu, itafutwa na mashine itasema pakiti ni safi.

Ndiyo maana kasoro ndogo unayotaka kuiona lazima ifunike angalau pikseli 3 kwa 3 kwenye picha. Kama haifuniki, badilisha lenzi au sogeza kamera karibu, usije kubishana na pikseli mojamoja.

Na hapa natofautiana kidogo na mgeni wetu wa Ujerumani. Kuhesabu nukta kwa milioni hakunisaidii. Nukta 200 zilizotawanyika naziwekea ramani, nimelala. Nne zilizoshikana katikati ya picha, pale ninapopima kipenyo cha kitu, zinaninyima usingizi, kwa sababu pikseli iliyo katikati ya kishada haina jirani mzima wa kuazima kwake.

---

#15 Mbeba Box (saa 1:18 usiku)

Hatutofautiani Mzee, ndicho nilichosema kwa maneno ya ofisini. 😄

Niongeze moja kuhusu kuchora ramani, maana watu wengi wanakosea mwanzoni kabisa. Kamera iwashwe iachwe ifanye kazi mpaka joto lisimame, nusu saa mpaka saa nzima, ndani ya boksi lake, si mezani kwenye kiyoyozi. Oto zote (vile kamera inavyojirekebisha yenyewe) zizimwe. Lenzi ifunikwe. Kisha, na hapa ndipo pa kukosea, pandisha kiwango cha weusi mpaka ukiangalia histogramu uone kilima kizima cha giza, kisikatwe upande wa kushoto. Kiwango kikiwa sifuri, nusu ya kelele inabanwa kwenye sifuri, picha inaonekana nyeusi tii na safi, unajipongeza bure.

Piga picha mia, chukua wastani wa kila pikseli, zilizojitenga na kundi ndizo zako. Halafu angalia pia pikseli zipi zinarukaruka toka picha moja hadi nyingine. Kuna zinazopepesa, zinatulia ngazi moja, zinaruka ngazi nyingine, zinarudi. Kwenye wastani zinajificha. Hizo ndizo zinazomfanya fundi aonekane mwongo: ukimwita bosi aje aone, inatulia.

Baada ya giza fanya na mwanga: karatasi nyeupe inayotawanya mwanga mbele ya lenzi, pikseli zijae kama nusu, tafuta zilizo nyuma ya wenzao. Hizo ni wafu na wagonjwa.

Andika tarehe na joto kwenye ramani. Isipokuwa na joto haina thamani.

---

#16 Kokoto (saa 1:40 usiku)

Swali la mtu wa nje ya fani. Hizi pikseli moto zinaongezeka zenyewe? Maana simu yangu ya zamani haikuwa nazo, sasa nikipiga picha usiku ziko.

---

#17 Mbeba Box (saa 2:03 usiku)

Zinaongezeka, hata kamera ikiwa kabatini imezimwa. Mionzi inayotoka anga za mbali inapiga angahewa, inazalisha neutroni, neutroni ikipita kwenye silikoni inaweza kumng'oa atomu mahali pake. Jeraha hilo ndilo linalovuja. Juu kwenye ndege neutroni ni nyingi kuliko huku chini, kwa hiyo kamera iliyosafirishwa kwa ndege imepita kwenye mvua hiyo kabla hujafungua boksi.

Darubini ya Hubble iko juu ya karibu angahewa yote na hali yake ni mbaya zaidi. Wanachofanya, karibu kila mwezi wanazima ubaridi wa sensa za kamera zake na kuziacha zipate joto kwa muda, na sehemu kubwa ya pikseli moto mpya zinapona. Silikoni ikipata joto la kutosha atomu zinajipanga upya. Fundi usiende kuweka kamera ya kiwanda kwenye oveni, tafadhali.

Kwa hiyo ramani ya mwaka juzi si ya leo. Mimi narudia kila miezi sita.

---

#18 Fundi Blista (Alhamisi, saa 3:30 usiku)

Wakuu, ninawaandikia nikiwa nimeoga na nimekula, kwa mara ya kwanza wiki hii.

Taa kwanza. Kuna taa nne za LED, mbili kila upande. Zilikuwa zinawaka moja. Moja! Ukiangalia kwa macho huoni tofauti kwa sababu taa ya chumba inamulika kote. Nyaya za taa tatu kati ya hizo zimekatikia ndani ya mnyororo wa nyaya unaokunjika kila mashine ikifunguliwa. Nne kwa moja, hapo mwanga umepungua mara 4.

Lenzi. Nimefungua boksi, nimeisoma kwa tochi: f/11. Toka 4 kwenda 5.6, kwenda 8, kwenda 11 ni hatua tatu, kila hatua nusu, jumla mara 8. Nane mara nne ni 32. Mzee Gamma, nilicheka peke yangu mle chumbani mpaka opareta akaja kuangalia.

Skrubu ndogo ya kubana pete ya lenzi haipo. Pete imekuwa ikijizungusha kwa mtikisiko, au mtu kaizungusha akifuta kioo, sijui. Nikaingia kwenye kumbukumbu ya mabadiliko ya mashine: eksposha 8, ikawa 20, ikawa 45, ikawa 80, ndani ya miezi mitano. Kila aliyeingia shifti ameongeza kidogo picha ikae sawa, kaondoka. Na wote wameingia kwa jina moja la mtumiaji, kwa hiyo hakuna wa kumuuliza. Mojawapo nahisi ni mimi.

Nimerudisha kila kitu: taa nne, f/4, milisekunde 8, geini 0. Leo saa 9 mchana, kamera ina nyuzi 57, nimehesabu nukta kwenye picha: sifuri. Trei ya zilizotupwa mchana kutwa ilikuwa na pakiti 9, zote zina kasoro ya kweli, nimezishika mwenyewe.

Nimeweka pia bamba la alumini kati ya kamera na ukuta wa boksi, joto limeshuka mpaka 49. Ramani nimechora jioni kama Mbeba Box alivyoelekeza, nikapata pikseli 9 za kuwekewa alama. Ile tiki ya pili nimeikuta imewekwa tangu mwanzo kwenye mashine ya jirani. Nimeitoa.

---

#19 Nyanda wa Sota (saa 3:41 usiku)

Safi sana. Kumbe wote tuliambiwa sensa, kumbe kitambaa na waya.

---

#20 Kiroboto (saa 3:44 usiku)

Nimenyamaza.

---

#21 Bi Kipimo (saa 4:10 usiku)

Kaka Fundi, hongera. Mimi ni mtu wa ubora, kiwanda tofauti na chako, bidhaa zilezile. Uzi mzima nimesoma kwa raha mpaka nilipofika kwenye skrubu.

Hiyo skrubu iko wapi?

Kamera iko juu ya vidonge ambavyo havijafunikwa foili. Umesema "haipo" halafu ukaendelea na alumini. Huko kwetu sentensi hiyo inasimamisha laini. Mmeripoti?

---

#22 Fundi Blista (saa 4:13 usiku)

Dada umenitoa jasho. Boksi lina kioo chini, limezibwa, haiwezi kudondoka kwenye vidonge. Nadhani.

---

#23 Bi Kipimo (saa 4:14 usiku)

"Nadhani" usiiandike kwenye fomu.

---

#24 Fundi Blista (Ijumaa, saa 2:20 asubuhi)

Nimeingia saa 12 na nusu, nimemwita mtu wetu wa ubora, tumefungua boksi pamoja. Iko ndani, imenasa kwenye grisi ya raba ya mlango, kona ya chini kushoto. Amepiga picha, ameitia kwenye kimfuko, ameandika namba. Ripoti imefunguliwa na jina langu liko juu.

Skrubu mpya nimeibana kwa gundi ya kuzuia skrubu isilegee.